Kazi Zilizolala Sandukuni

  

Ndugu wasomaji, katika darsa hii twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja ulioenea katika miji yetu ya pwani, nao una ajabu yake: hauwashiki wavivu wala wajinga. Huwashika watu wenye ilimu na adabu, wenye kuipenda kazi yao. Mtu hukusudia kuandika khabari za mashekhe wa mji wake, au kuwasomesha watoto wa jirani barazani kwake, au kufasiri kitabu kidogo cha fikihi kwa lugha waifahamuo mama zetu. Nia yake ni njema na uwezo anao. Huianza kazi kwa siri, akaandika, akafuta, akaandika tena. Ukimwomba akuonyeshe ukurasa mmoja hukwambia, "Bado, haijawa kitu." Miaka hupita. Karatasi hutiwa sandukuni, na sanduku husukumwa uvunguni mwa kitanda. Siku mwenyewe anapoitika wito wa Mola wake, warithi hugawana nyumba na minazi, na zile karatasi, kwa kuwa hakuna ajuaye ni za nini, hurithiwa na mchwa.

Wala yaliyomo sandukuni si mambo madogo. Mna nasaba, mna tenzi, mna majibu ya mashekhe kwa masuala waliyoulizwa, mna khabari za misikiti na nakfu zake, mna nyota walizokwenda nazo manahodha. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na vijana wetu wengi wa leo husoma Qurani vizuri kwa herufi hizo hizo, lakini ukiwapa Kiswahili kilichoandikwa kwazo hukwama mstari wa pili. Kwa hivyo kila mwaka unaopita, mwenye kazi akiwa bado anaitengeneza, wasomaji wa kazi ile wanapungua kwa upande wa pili. Hiyo ndiyo khasara tuikusudiayo katika maneno haya.

Mwenye ugonjwa huu ana hoja, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Husema: dini yetu imetuamrisha ihsani katika kila jambo, basi vipi nitoe kitu chenye kasoro, nikakiweka mbele za watu, na jina langu li juu yake? Twasema: ni kweli, amri ya ihsani imethibiti katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Shaddad bin Aus (R.A.). Lakini na tuutazame mfano alioutaja Mtume (S.A.W.) katika hadithi ile. Ni mfano wa kuchinja: mtu akinoe kisu chake, amstareheshe mnyama wake. Kisu hunolewa ili kichinje. Hatujamsikia mwanachuoni yeyote aliyefahamu kutokana na hadithi ile kuwa mtu aketi na kinoo chake mpaka jua likatua, mnyama amefungwa mtini na wageni wamekwenda zao na njaa. Ihsani ni sifa ya kitendo. Na pasipo kitendo hakuna cha kusifiwa.

Huyu tumwonaye ananoa bila ya kuchinja ana ndugu yake msikitini, na sote twamjua. Imamu amekwisha kuhirimia, watu wamekwisha kuhirimia, naye bado anainua mikono na kuishusha. "Usalli, usalli," kisha hukatiza, kwa kuwa nia, kwa dhana yake, haikukutana sawasawa na takbira. Hurejea tena. Imamu amekwenda rukuu, naye bado yu mlangoni mwa sala. Ibn al-Jauzi, aliyekufa mwaka 597 wa Hijra (1201), amewataja watu hawa katika kitabu chake cha Talbis Iblis, yaani hila za Ibilisi, na jina la kitabu latosha kutwambia asili ya jambo hili ameiona ni wapi. Ametaja pia kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Aqil akalalamika kuwa hujizamisha majini mara nyingi na bado hana yakini kama ametahirika. Ibn Aqil akamjibu kuwa yeye basi hana sala juu yake, kwani kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu. Jawabu ni kali, na yamkini lilimfaa.

Muwaswisi wa sala hujiona ndiye mwenye kuitukuza sala kupita wenziwe, na kumbe ndiye anayeikosa. Muwaswisi wa kazi ni vivyo hivyo. Hudhani anaitukuza ilimu kwa kuizuia.

Na tuelekee kwa Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kujenga msikiti. Ulikuwa msikiti gani? Kuta za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende, na sakafu ya paa la makuti ya mitende. Mvua iliponyesha paa lilivuja, na masahaba wameeleza vipi walivyoyaona maji na udongo usoni pake (S.A.W.) baada ya kusujudu, katika usiku mmoja wa Ramadhani. Mimbari haikuwapo mwanzo; alikuwa akihutubu akiegemea gogo la mtende, na mimbari ikaja baadaye. Omar (R.A.) aliupanua msikiti ule mwaka wa 17 wa Hijra, na Othman (R.A.) mwaka wa 29 akaujenga kwa mawe ya kuchongwa na paa la msaji. Lau wangaliyangoja mawe na msaji, wangalisali wapi miaka yote ile? Wala hatusemi haya kuwa ni hoja ya kujenga ovyo; twasema kuwa uma mzima ulifunzwa chini ya paa linalovuja, na walitoka pale watu tuwajuao.

Sisi wa pwani hii ni Mashafii, na ni ajabu kuwa tunaogopa kurudi katika maneno yetu, ilhali madhehebu yetu yenyewe yana kauli ya kale na kauli mpya. Imamu Shafii alikuwa na mafunzo yake na vitabu vyake Iraq, watu wameyachukua na kuyaeneza. Kisha akahamia Misri karibu na mwaka 199 wa Hijra, na katika miaka michache iliyobaki mpaka kufa kwake mwaka 204 (820), akayatazama tena mengi katika aliyoyasema, akayageuza aliyoyaona yafaa kugeuzwa. Hata Risala yake aliiandika upya. Hakungoja Misri ndipo aseme. Wala alipofika Misri hakuona haya kusema jingine. Na Imamu Malik, aliyekuwa sheikh wake, aliusomesha Muwatta miaka mingi huku akiupunguza na kuusawazisha, na kila mwanafunzi akachukua kama alivyousikia wakati wake. Ndiyo sababu leo mapokezi ya Muwatta ni zaidi ya moja, na hayalingani. Kitabu kilikuwa mikononi mwa watu na mikononi mwa mwenyewe kwa wakati mmoja.

Lakini anayetufaa zaidi katika mas'ala haya ni Ibn Hajar al-Asqalani. Kila mwenye kusoma hadithi anajua cheo cha Fat-hul Bari, sharhe yake ya Bukhari. Kazi ile ilianza mwaka 817 wa Hijra na ikamalizika mwaka 842 (1438), yaani miaka kiasi cha ishirini na mitano. Msomaji atasema: hivyo ndivyo nisemavyo, kazi njema yataka kucheleweshwa! Hasha. Tazama alivyoifanya. Mwanzo alikuwa akiimlisha kwa wanafunzi, kisha akawa anaandika kidogo kidogo, na kila kilichoandikwa wanafunzi wake wakubwa walikinukuu, na siku moja katika kila wiki wakakutana kukisoma na kukilinganisha na kukijadili mbele yake. Kwa hiyo miaka ile haikuwa ya sanduku. Kila wiki palikuwa na kitu kilichotoka, kilichosomwa, kilichopingwa, kilichosahihishwa. Na mwanafunzi wake Sakhawi amepokea kwake jambo ambalo twalipenda sana: kuwa Ibn Hajar hakuwa radhi na vitabu vyake vingi, ila vichache alivyovitaja, na Fat-hul Bari ni kimoja katika hivyo, kwani vingine aliviandika mapema na hakupata wa kuvipitia pamoja naye. Huyu ni Hafidhi wa zama zake! Hakuridhika, na watu wakavipata vitabu vyake hata hivyo, na sisi mpaka leo twavitumia hivyo ambavyo mwenyewe hakuridhika navyo.

Sasa na tuje karibu na nyumbani, kwani katika khabari za kufasiriwa Qurani kwa Kiswahili lipo somo zito kwetu.

Tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili ilitoka London mwaka 1923. Aliyeiandika ni Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza ya UMCA iliyokuwa Unguja. Haikukusudiwa kutufunza sisi dini yetu, na kila aisomaye ataliona hilo katika maelezo yake. Ya pili ilitoka Nairobi mwaka 1953, kazi ya misheni ya Ahmadiyya chini ya Mubarak Ahmad. Baina ya hii na ile ni miaka thelathini. Katika miaka ile thelathini pwani hii haikuwa na upungufu wa wanavyuoni. Lamu walikuwapo, Mombasa walikuwapo, Unguja walikuwapo, na lugha mbili zote walikuwa nazo, ya Kiarabu na ya Kiswahili, kupita padri na kupita misheni. Kilichozuia ni nini? Kwa wengine ilikuwa ni khitilafu ya kisharia, je yafaa kufasiri au haifai, na khitilafu ile ina heshima yake. Lakini kwa wengine, na hili twalisema kwa adabu, ilikuwa ni ule uzito wa kuona kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayawezi kutiwa katika Kiswahili kikamilifu, basi afadhali yasitiwe. Nayo ni kweli hayawezi kutiwa kikamilifu, si katika Kiswahili wala katika lugha yoyote! Kutoka hapo ikawa kijana wa Kiislamu mwenye swali, asiyejua Kiarabu, akitafuta kitabu cha kumjibu kwa lugha yake, hukipata kwa asiyekuwa wa njia yake. Mwenye swali hangoji. Atanunua kilichoko dukani.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliliona hilo mapema. Mwezi wa Oktoba 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na jina lake lenyewe lasema: sahifa ni ukurasa. Hakungoja apate gazeti. Alitoa ukurasa, kwa Kiswahili, akazungumza na watu wake juu ya masomo ya watoto, na israfu za arusi na matanga, na desturi zilizoingia katika dini na si dini. Mwaka 1932 ndipo likaja gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Yote mawili hayakudumu ila muda mchache. Aliyeyapima kwa umri wake atasema yalishindwa. Lakini makala za Sahifa zilikusanywa baadaye zikawa kitabu kiitwacho Uwongozi, nacho kimesomwa na vizazi ambavyo havikumwona Sheikh. Pia alianza kufasiri Qurani, akafariki kabla ya kuimaliza, na sehemu zake zikachapishwa baada ya kufa kwake. Na kitabu chake cha tarekhe ya Wamazrui, alichokiandika kwa Kiarabu, kilibaki khati ya mkono muda mrefu, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995, miaka arobaini na minane baada ya mwenyewe kufa. Hatusemi kuwa yeye alikizuia. Kila kazi ina sababu zake. Lakini mtu na aziweke mbele yake karatasi hizi mbili, ile ndogo iliyotoka kila wiki na kile kikubwa kilichongoja, ajiulize ni ipi iliyowakuta watu wa zama zake wakiihitaji.

Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982) ndiye aliyeimaliza safari. Alikuwa mwalimu wa shule, mwenye shughuli za kutosha. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akitoa tafsiri sehemu kwa sehemu, vijitabu vyembamba vya kununuliwa na mtu wa kawaida, na watu wakavisoma misikitini na majumbani kabla hakijakuwapo kitabu kizima. Kitabu kizima, Qurani Takatifu, kilitoka mwaka 1969 kwa Islamic Foundation ya Nairobi, na wakati huo Sheikh alikuwa amekwisha kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Je, kazi ile haikuwa na la kusemwa? Watu wamesema, na wataendelea kusema. Katika miaka ya 1990 Sheikh Ali Muhsin Barwani naye alitoa yake. Ndivyo ilivyo ilimu. Aliyekuja nyuma alikuwa na kitu mkononi cha kukubaliana nacho au kukipinga, na hilo peke yake ni neema ambayo watu wa mwaka 1940 hawakuwa nayo.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni hawahitaji kuambiwa haya. Chombo kipya kikiisha kutiwa kalafati hushuliwa, na siku za kwanza huingiza maji kidogo. Mabaharia huketi wakayafua. Mbao hunywa maji zikavimba, na mianya ikajibana yenyewe kwa namna ambayo nyundo haiwezi. Kile kilichoachwa mchangani kwa kuhofiwa maji, jua hukikausha, mbao zikarudi nyuma, na mianya ikafunguka zaidi ya siku ile alipokimaliza fundi. Watu hupenda kutwambia "kawia ufike." Ni maneno mema kwa aliye baharini. Aliye mchangani hakawii wala hafiki.

Tumeulizwa: khofu hii yatoka wapi? Nusu yake ni ya mwenyewe, na tumekwisha kuieleza. Nusu ya pili, wallahi, ni yetu sisi tulioketi barazani. Kijana hutoa kijitabu cha kurasa kumi na mbili juu ya adabu za msikiti. Tukikipokea, hatusemi "ahsante" wala hatuulizi kimemfaa nani. Twatafuta irabu iliyokosewa. Tukiipata, kikombe cha kahawa hakimaliziki ila mji mzima umejua. Kijana yule hataandika tena, na wenziwe watatu waliokuwa wakikusudia kuandika wamekwisha kujifunza. Kusahihisha ni wajibu, lakini yako masahihisho ya kwenda nayo mtu nyumbani kwa mwandishi baada ya Isha, na yako ya kusemewa barazani ili watu wacheke, na hayo ya pili hatuyajui kuwa yana thawabu. Maulamaa wa nyoyo, kwa upande wao, wamehesabu kuacha amali kwa kuwachelea watu kuwa ni mlango katika milango ya riya, kama ilivyo kuitenda kwa ajili yao. Basi mwenye kazi naye ajitazame: anayemwogopa ni Mola wake, au ni yule mzee wa kona ya baraza?

Na tutaje jambo moja la majumbani, kwani ugonjwa huu kwa wanawake una khasara kubwa zaidi na hauonekani. Yuko mwanamke aliyekhitimu Safina, akaifahamu mlango kwa mlango. Majirani zake hawajui hukumu za hedhi na janaba, huona haya kumwuliza mwalimu mwanamume, na huulizana wao kwa wao wasiojua kwa wasiojua. Akiambiwa awasomeshe, husema mpaka amalize Abu Shujaa, na akimaliza Abu Shujaa atasema mpaka Minhaji. Dada yetu, majirani zako hawakuomba Minhaji! Wataka ile Safina uliyo nayo. Na kuosha maiti wa kike je? Katika mitaa mingi mabibi walijualo hilo kwa ukamilifu wake wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na umri wao ni mkubwa. Kila mmoja wao angalichukua wasichana wawili, akawaonyesha, hata kama hawezi kuwatajia dalili ya kila tendo. Akingoja apatikane wa kulisomesha jambo hili kwa vitabu vyote, atazikwa yeye kwanza, na haijulikani nani atamwosha.

Ila pana mpaka hapa, na asije mtu akatushikia maneno haya akavunja nayo mlango usio wake. Yako mambo ambayo kutangulia kabla ya kuwa tayari ni dhambi. Fatwa ni moja. Kugawa mirathi ni lingine: hisabu ikikosewa, mtu hula mali ya yatima na karatasi ya "mwalimu" mkononi. Kumnasibishia Mtume (S.A.W.) hadithi ambayo mtu hakuihakikisha, hili adhabu yake yajulikana. Kumpa mgonjwa dawa, kushika fedha za watu kwa jina la nakfu bila ya daftari wala mashahidi, haya nayo ni katika hayo. Huyo huyo Imamu Malik tuliyemtaja alikuwa akiulizwa masuala mengi na akajibu mengi katika hayo kuwa hajui. Tofauti ni nyepesi kwa mwenye insafu. Kosa liwezalo kufutwa kesho, na aliyelisoma leo hakudhurika ila kwa kutabasamu, lisikuzuie. Kosa likaalo katika mali ya mtu au mwilini mwake au katika dini yake, lingoje mpaka umwulize ajuaye, na kumwuliza usikucheleweshe.

Sasa mtu aanze vipi? Hatuna ila tuliyoyaona kwa waliotangulia. Achukue katika kazi yake kile kipande kidogo kinachoweza kusimama peke yake. Aliyekusudia tarekhe ya mashekhe wote wa mji wake aandike ya sheikh mmoja, yule aliyemwona kwa macho yake, kurasa nne. Aliyekusudia madrasa awasomeshe watoto watano, jamvi moja, kutoka Alasiri mpaka Magharibi. Kisha aiwekee kazi siku, siku ijulikanayo na watu, kama Sahifa ilivyokuwa na wiki yake na Ibn Hajar alivyokuwa na mkutano wake, kwani mtu aliyeahidi siku huona haya kuja mikono mitupu, na haya hiyo ni msaada. Amtafute mtu mmoja, mjuzi kuliko yeye, mwenye ulimi wa upole, amsomee kabla ya kutoa. Mmoja yatosha, wakiwa saba kazi hairudi. Na wenye kumbukumbu na hawana mkono wa kuandika, simu ziko mifukoni mwa wajukuu wao: na wasimulie, mjukuu anase sauti, uandishi utafuata.

Tena aache pambizo. Wenye vitabu vya kale wanayajua yale makaratasi yenye matini katikati na uwazi mpana pembeni. Uwazi ule haukuachwa kwa urembo. Uliachwa kwa atakayekuja. Abu Shujaa aliandika matini fupi. Ibn Qasim akaisherehesha. Bajuri, karne nyingi baada ya mwenye matini, akaitilia sharhe ile hashiya, na hashiya ya Bajuri ndiyo wasomayo wanafunzi wetu mpaka hii leo. Lau Abu Shujaa angalitaka kusema yote yaliyokuja kusemwa na Bajuri, tusingalipata hata matini. Basi juu ya ukurasa wa kwanza mwandishi na aandike tarehe, na jina lake, na kuwa hii ni nakala ya kwanza. Atakayeona kosa aandike pembeni na amrudishie.

Kwa upande wetu sisi wa darsa hii, kuanzia mwezi ujao usiku wa Alkhamisi mmoja katika kila mwezi tumeutenga kwa kusomeana kazi hizi badala ya kitabu, baada ya sala ya Isha. Wanawake watasomeana mchana wake, baada ya Adhuhuri. Kila atakayekuja na aje na ukurasa wake mmoja, uliofutwafutwa vivyo ulivyo. Mwenye karatasi za babu yake zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu azilete pia, hata zikiwa zimeliwa pembeni. Wako wazee wawili waliokubali kuzisoma kwa sauti, na vijana watakaozinukuu. Karatasi na kalamu zipo, na ufunguo wa chumba uko kwa mwadhini.